Wali Usiotiwa Chumvi

Leo ni Ijumaa, tarehe 26 Septemba, mwaka 2025. Adhana imekwisha, na mtaa wetu wa Abu Hamour, hapa Doha, umenyamaza kama unavyonyamaza kila Ijumaa saa hii. Duka la matairi lililo mbele yetu limeshusha shata, mabasi ya kampuni yamesimama, na hata paka wamejificha joto chini ya magari. Ninaandika nikiwa jikoni. Nimekaa nikilitazama dirisha, kwa sababu siku hizi sipendi kuligeuzia mgongo.

Ninaandika habari za Bi Icilda na wali wake. Nitaeleza kwa utaratibu, jambo la kwanza likitangulia, ili atakayesoma asipotee njiani. Mimi ni Mwislamu, nimelelewa Pangani na wazee waliosali, na ninajua kwamba aliyekufa hali wali. Ninaomba msomaji akumbuke kwamba nilikuwa ninalijua hilo tangu mwanzo.

Nyumba yetu ni jumba la zamani lililogawanywa vyumba kwa mbao nyembamba, na jiko ni moja. Mimi ninafanya usafi katika ofisi za West Bay. Mwenzangu Roselyne, Mkenya wa Vihiga, ni mlinzi wa zamu ya usiku, mwanamke mwenye mabega mapana na maneno mengi. Wa tatu alikuwa Bi Icilda, mama wa Kijamaika aliyekuwa msaidizi katika shule ya chekechea. Alikuwa mtu mzima kuliko sisi, mrefu, mwenye mvi alizozifunga kwa kitambaa cha maua, na alipika kama mtu anayezungumza na sufuria. Kila Ijumaa alasiri huja Zuleikha, binti wa Kizanzibari anayefanya kazi hotelini, kutufundisha kusoma na kuandika mimi na wanawake wengine wachache wa mtaa. Ufunguo wa nyumba anao. Roselyne alikwisha kusoma shuleni kwao na hakuhitaji darasa. Alikuja kwa ajili ya chakula, na hakulificha jambo hilo.

Chakula kilianza hivi. Zuleikha alisema kwamba mtu hujifunza kupanga maneno vizuri akieleza kazi ambayo mikono yake inaijua. Basi kila Ijumaa mmoja wetu akawa anapika chakula cha kwao na kueleza namna kinavyopikwa, nasi wengine tunaandika sentensi zake. Bi Icilda hakujua Kiswahili, na Kiingereza chake cha kwao kilitupiga chenga mwanzoni, lakini Roselyne alikizoea upesi akawa mkalimani wetu.

Tulishangaa jinsi vyakula vya mama yule vilivyofanana na vyetu. Mchicha wao ni mchicha wetu, ila wao huupika na samaki wa chumvi, yule tunayemwita ng'onda, baada ya kumloweka mpaka ukali wake upungue. Wana mkate wa muhogo uliokunwa na kukamuliwa. Wana samaki anayechemshwa katika tui zito mpaka tui lichoke, lijikate, na kubaki mafuta ya nazi yanayonukia. Nilipomwona akifanya hivyo niliona mkono wa mama yangu. Mbaazi wanazo. Shelisheli wanalo, nao hulichoma zima zima juu ya moto. Pilipili yao ni ile pilipili mbuzi, na huitia sufuriani bila kuikata, wakiilinda isipasuke kama mtu anavyolinda yai.

Chakula alichokipenda kuliko vyote ni wali wa maharagwe. Aliloweka maharagwe mekundu tangu jana yake, akayachemsha na vitunguu saumu na punje kavu za mti wa kwao, ambazo kwa macho ni pilipili manga na kwa pua ni karafuu na mdalasini pamoja. Yakiiva alimimina tui, akatia majani ya thaimu na vitunguu vya majani vilivyopondwa kwa ubapa wa kisu, kisha pilipili moja nzima, kisha mchele. Chumvi aliitia mwisho kwa vidole, akionja mchuzi.

Zamu ya Roselyne ilipofika, alisema mapishi yao ni mafupi: maji, unga na nguvu. Alisonga ugali, akaupindua kwenye sahani, akasema mwenye kuandika aandike, somo limekwisha. Tulicheka. Bi Icilda alimega, akaonja, akauliza kama amesahau chumvi. Roselyne akamwambia ugali hautiwi chumvi, hata siku moja, Kenya wala Tanzania wala Uganda.

Bi Icilda hakucheka. Aliuliza polepole, akitutazama mmoja mmoja, "Kila siku mnapika chakula kisicho na chumvi? Mnampikia nani?"

Roselyne akamjibu kwamba tunajipikia sisi wenyewe, na kwamba chumvi iko kwenye mboga. Mama yule akatikisa kichwa, akarudisha tonge lake sahanini kwa adabu. Wakati ule nilidhani ugali umemshinda tu.

Sasa nieleze habari ya sahani. Kuanzia mwezi wa Mei, kila Ijumaa asubuhi Bi Icilda alipika wali wake katika vyungu viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Kabla ya kuondoka kwenda ibadani, kwa kuwa makanisa ya mji huu husali siku ya Ijumaa na yako mtaani kwetu hapa hapa, alipakua kutoka kile kidogo sahani moja nyeupe, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni pamoja na kijiko na bilauri ya maji. Mimi saa hizo niko kazini, kwa kuwa ofisi za West Bay husafishwa vizuri siku ambayo wenyewe hawapo. Ndani hubaki Roselyne, amelala baada ya zamu ya usiku. Nilipokuwa nikirudi mchana, sahani ilikuwa imekwisha kuoshwa na kuwekwa mahali pake. Sikuuliza. Katika nyumba ya wapangaji, mtu anayeuliza habari za kila sahani hakai na watu vizuri.

Mwezi wa Juni mkataba wa Bi Icilda ulikwisha. Mwajiri wake alimpa tiketi na muda wa kuondoka mpaka mwisho wa Agosti. Binti yake, Kerry-Ann, huko kwao, alikuwa na mimba ya kwanza, na daktari alikuwa amemwamuru alale kitandani mpaka ajifungue, kwa sababu alikwisha kupoteza damu mara moja. Hakuwa na mtu wa kumpikia wala wa kumshika mkono. Alimpigia mama yake simu kila jioni, na sisi tulisikia kwa sababu mbao zetu ni nyembamba. Alikuwa akilia. Bi Icilda alimtuliza, akamwimbia, akamwambia avumilie, lakini hakumwambia siku atakayofika. Alikuwa akitafuta kazi nyingine mjini. Hatukuelewa ni mama wa namna gani anayeweza kusikia kilio kile na kubaki.

Tulielewa Ijumaa moja ya mwezi wa Julai. Zuleikha alitutaka tueleze chakula kinachopikwa kwa jambo maalumu, siyo cha kila siku. Mimi nilieleza pilau ya hitima, jinsi wanaume wanavyoikoroga uani kwa mwiko mrefu kama kasia. Bi Icilda akasema yeye atatueleza chakula cha kwanza anachokipika yeye kila Ijumaa, kabla ya hiki tunachokula.

Kwao, alisema, mtu akifa watu hukusanyika nyumbani kwake usiku tisa mfululizo, wanakula samaki wa kukaanga, wananywa kahawa, wanacheza dhumna na kuimba. Usiku wa tisa marehemu hutengewa sahani yake, nayo haitiwi chumvi, kwa sababu chumvi humfanya aliyekufa awe mzito, akashindwa kuvuka maji na kwenda anakokwenda. Mwanawe wa kiume, Orane, alikuwa fundi wa mitambo katika meli ndogo ya mizigo. Mwaka jana meli ile ilizama na yeye hakuonekana. Mama alikuwa hapa Doha. Hakukuwa na maiti, kwa hiyo hakukuwa na usiku tisa. Mwezi wa Mei bibi yake Orane, mama mzazi wa Bi Icilda, alimwota mjukuu wake amesimama getini, ameloa, anasema ana njaa. Akampigia binti yake simu akamwambia amlishe mwenyewe huko huko aliko, kila juma, mchana jua likiwa utosini, wakati ambapo mtu hana kivuli. Siku atakayoiacha sahani bila kuigusa, ujue ameshiba na amekwenda, nawe uko huru.

"Na anakula?" Zuleikha aliuliza.

"Kila Ijumaa," Bi Icilda akasema. "Haachi hata punje. Nikiondoka sasa, atakuja dirishani na hatanikuta. Kerry-Ann yuko hai, anaweza kunipigia simu. Huyu hana simu."

Roselyne alikuwa akitafsiri. Aliposema maneno ya mwisho, kijiko chake kilibaki hewani kati ya sahani na mdomo.

Jioni ile alinivuta mpaka ngazini, akafunga mlango nyuma yetu.

"Mama Rama," aliniambia, "hiyo sahani ni mimi."

Nilimwambia aseme vizuri.

"Si daktari alinikataza chumvi, kwa sababu ya presha? Si niliwaambia wote, hapo jikoni? Basi nikiamka saa sita napata sahani dirishani, wali hauna chumvi, kijiko kiko hapo, maji yako hapo. Mtu angedhani nini? Nilisema Mathe Icilda ana roho nzuri, hataki kunitangaza. Nakula, naosha, naweka. Tangu Mei, Mama Rama. Nimekula chakula cha marehemu tangu Mei."

Niliona jasho limemtoka juu ya mdomo. Nilimuuliza, nadhani kwa ajili ya kumtuliza, kama wali wenyewe ulikuwa mtamu hivyo bila chumvi.

Alijifuta mdomo. "Hapo ndipo sielewi. Ulikuwa na chumvi. Chungu chenyewe nilikionja siku moja, hakina. Sahani ile ile, nikila, ina chumvi mpaka koo linawasha. Nikafikiri ni ulimi wangu unajidanganya."

Tulishauriana pale ngazini. Roselyne alitaka kukiri mara moja. Mimi nilimzuia. Nilimwambia kwamba tukisema ukweli tutamvunja moyo mama yule mara mbili, kwa sababu ataona kuwa mwanawe hakuja hata siku moja. Lakini tukiiacha sahani ikae, ataikuta imejaa, atasema Orane ameshiba, atafunga mizigo na kwenda kwa binti yake akiwa na amani. Hakuna atakayekuwa amesema uongo. Roselyne alilipenda wazo hilo.

Ijumaa iliyofuata Roselyne hakulala. Alivaa gauni lake la Krismasi akafuatana na Bi Icilda kanisani, jambo lililomfurahisha sana mama yule. Mimi nilikwenda kazini. Nyumba ilibaki tupu.

Niliporudi nilikuta wamekwisha kufika. Bi Icilda alikuwa amesimama mbele ya dirisha na sahani mkononi. Ilikuwa nyeupe, safi, na bilauri ilikuwa kavu.

"Amekula," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuweza kuitazama.

Nilimtazama Roselyne. Yeye alinitazama mimi. Baadaye aliniapia kwamba alikaa benchi moja na mama yule tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na kwamba hata chooni hakwenda. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mimi nilikuwa kazini kweli. Kwa siku kadhaa tulipishana jikoni kama watu waliokoseana.

Ijumaa ya baada ya hiyo nilimwomba msimamizi wangu ruhusa. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Bi Icilda na Roselyne walipoondoka, nilifunga mlango wa nje kwa komeo, nikaketi kwenye kiti hiki hiki nikaielekea sahani. Wali ulikuwa umepoa. Maharagwe yalikuwa yameutia rangi ya udongo mwekundu, na juu yake palikuwa na tawi moja la thaimu.

Adhana ilipita. Magari yakakoma. Msomaji anayeijua Doha anaujua ukimya huo wa mwezi wa Agosti, wakati mwanga ni mkali kiasi cha kuondoa rangi ya vitu na hakuna anayetembea nje. Nilianza kusoma nyuradi zangu. Kiyoyozi cha chumbani kikajizima, kama kinavyofanya mara kwa mara, na hapo nikasikia harufu ya bahari. Bahari haiko karibu na Abu Hamour. Haikuwa harufu ya ufukwe wala ya samaki. Ilikuwa harufu ya maji ya ndani, ya chini, yasiyopata jua. Sikusikia hatua, wala mlango, wala pumzi ya mtu. Nilichosikia ni njaa. Ilinishika tumboni ghafla, njaa ya mtu ambaye hajala kwa muda mrefu kuliko mtu aliye hai anavyoweza kukaa bila kula. Nilijiambia nisimame nitoke nje.

Sikusimama. Nilipojitambua, kijiko kilikuwa mkononi mwangu, sahani ilikuwa tupu, na kinywa changu kilikuwa kimejaa. Nilimeza kwa sababu sikuweza kutema. Ilikuwa chumvi. Haikuwa ile ya jikoni, bali ile inayompanda mtoto puani siku anayozama kwa mara ya kwanza. Mimi nimekulia pwani, siwezi kuikosea. Niliutazama mkono wangu. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe na zimekunjamana, kama za mtu aliyekaa majini tangu asubuhi.

Hivyo ndivyo Zuleikha alivyonikuta alipokuja na vitabu vyake. Nilimfungulia komeo. Alikitazama kijiko, akaitazama sahani, kisha akaketi chini sakafuni, yeye binti nadhifu wa hotelini, na akaanza kulia bila sauti. Aliniambia kwamba Ijumaa iliyopita alikuja mapema ili afagie kabla ya darasa. Alikuwa amekula kazini na alikuwa ameshiba, na maharagwe tangu utotoni hayapendi. Alikula sahani nzima akiwa amesimama, akaiosha, akatoka kabla hatujarudi. Aliona aibu kutuambia.

Kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuiacha sahani ikae. Aliyekuja dirishani hakuwa na mdomo, na kila aliyekuwa ndani ya nyumba saa ile alimwazima wake.

Bi Icilda aliporudi tulimweleza yote, sisi watatu tukiwa tumesimama mbele yake kama wanafunzi waliovunja kioo. Roselyne alianza, mimi nikamalizia. Nilitarajia hasira. Hakuuliza kwa nini tulimficha. Aliuliza jambo moja tu.

"Mlipokula, mlisikia ladha gani?"

"Chumvi," nilimwambia. "Chumvi ya bahari."

Alivishika vidole vyangu, akavigeuza, akavitazama ncha. Akavitazama vya Roselyne pia. Roselyne siku zote alidhani mikunjo ile ni ya sabuni ya vyombo. Kisha mama yule akaketi kitako, akafunika uso kwa kitambaa chake cha maua, na alipozungumza alizungumza kama anayefanya hesabu ya mapishi yaliyoharibika.

Alisema alikuwa amekosea. Alimpikia chakula chepesi, lakini mtoto mwenyewe amejaa bahari, na anaileta mezani kila akija. Kinywa cha mgeni hakiwezi kumpunguzia uzito huo, hata alishwe miaka. Ndiyo maana hashibi.

"Mimi peke yangu ndiye sijawahi kukaa naye saa hiyo," alisema. "Nimemwekea chakula nikaenda zangu kuimba."

Ijumaa ya mwisho wa Agosti hakwenda ibadani. Siku chache kabla yake aliacha kula kitu chochote chenye chumvi, ili, alisema, awe mwepesi wa kuvuka naye maji. Mkate aliukataa, jibini aliikataa. Alikula ndizi, viazi vya kuchemsha, na jioni moja alimwomba Roselyne amsongee ugali, akaula wote bila mboga. Ijumaa ile alipika chungu kimoja tu, kile kidogo. Alipakua, akaketi kwenye kiti hiki, akatuomba tutoke.

Tulikaa ngazini, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, Roselyne, Zuleikha na mimi. Joto lilikuwa kama mtu anayekuegemea. Adhana ilipita na mtaa ukafa kimya. Tulisikia kijiko kikigonga sahani. Tulimsikia akisema maneno ya kwao, mengi, kwa sauti ya mama anayemgombeza mtoto aliyechelewa kurudi. Alinyamaza kidogo, kama anayesikiliza. Akacheka. Kijiko kikagonga tena, taratibu, muda mrefu, muda mrefu kuliko sahani ile inavyohitaji. Roselyne alinishika mkono akaukaza mpaka ukauma.

Mlango ulipofunguka, Bi Icilda alikuwa na sahani iliyooshwa. Mikono ya gauni lake ilikuwa imeloa mpaka juu ya viwiko, na maji yalikuwa yakidondoka sakafuni.

"Twende," alisema. Hakuwa akitutazama sisi.

Aliondoka Jumapili. Roselyne na mimi tulimsindikiza uwanja wa ndege. Alitembea polepole, kama mwanamke mwenye mimba ya miezi ya mwisho, ingawa begi lake lilikuwa dogo. Mezani pa tiketi kijana alimuuliza kama anasafiri peke yake. Lilikuwa swali la kawaida, analoulizwa kila mtu. Bi Icilda alikaa kimya mpaka kijana akainua macho, ndipo akasema ndiyo. Alipotukumbatia alikuwa akilia, na chozi lake lilinishukia mdomoni. Halikuwa na ladha yoyote. Lilikuwa kama maji ya kunywa.

Baadaye alimpigia Zuleikha. Alifika. Alipoingia nyumbani kwa Kerry-Ann, kabla ya kuvua viatu, aliomba kipande cha samaki wa chumvi, akakila kikavu kikavu mlangoni, kisha akasema, "Sasa niko peke yangu." Usiku huo alilala chini karibu na kitanda cha binti yake. Kerry-Ann amejifungua mtoto wa kike, mzima, na bibi yake ndiye aliyemwogesha maji ya kwanza. Bibi mkubwa hajamwota tena Orane.

Ningependa kuishia hapa, na juma lililopita nilikuwa nimekwisha kuishia hapa.

Lakini leo nimepewa mapumziko, na asubuhi Roselyne alitoka zamu akasema hatalala, ana hamu ya ugali. Aliusonga saa ya adhana, akauacha upoe kidogo karibu na dirisha huku akikaanga sukuma wiki. Alimega tonge akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Akaja hapa nilipo, akanipa tonge jingine, akasema neno moja: onja.

Ugali hautiwi chumvi. Tumeula tangu tunanyonyeshwa, na hakuna kati yetu aliyewahi kuutia. Huu ulikuwa nayo. Tena haikuwa ile ya bahari. Ilikuwa chumvi ya jasho, jasho lililokaukia nguoni, na ndani yake mlikuwa na vumbi la saruji ambalo bado ninalisikia kwenye meno ninapoandika. Roselyne ametazama vidole vyake, kisha vyangu. Ngozi imepasuka na imekuwa ya kijivu, kama ya watu waliobeba mifuko.

Hatujui ni mtoto wa nani. Roselyne amejaribu kumuuliza kwa Kiluhya, na mimi nimemuuliza kwa Kiswahili, tukiwa tumeelekea dirisha, tukiona haya. Njaa tu ndiyo iliyojibu. Tunaweza kumwazima midomo yetu, lakini tumekwisha kujifunza kwamba midomo yetu haitoshi. Anamhitaji mama yake aje aketi naye.

Kwa hiyo ninakuomba wewe uliyesoma mpaka hapa, usiikunje karatasi hii ukaiweka. Mpe jirani, msomee aliye chumba cha pili, iende nyumbani na yeyote anayesafiri. Kama ni Kenya iende, kama ni Uganda au kwetu, iende. Ipitishe mkono kwa mkono mpaka imfikie mwanamke ambaye mwanawe alikuja kujenga huku na hakurudi, na ambaye hakupata nafasi ya kumpakulia. Umwambie asitie chumvi. Umwambie sahani iko dirishani Abu Hamour, nyumba iliyo nyuma ya duka la matairi, na kwamba mpaka atakapofika, tutakuwa tunasonga.